Kapteni Dwight ni Rubani

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Kansas City, kijana mmoja msambaza magazeti alifungua furushi lake akakuta picha ya rubani Mweusi ukurasa wa mbele. Gazeti lilikuwa The Call, la Wamarekani Weusi wa mji ule. Rubani mwenyewe alikuwa ametunguliwa vitani Korea, kwa hiyo habari ilikuwa ya majonzi, lakini majonzi hayo kijana hakuyaona. Aliiona jeti, akamwona na mtu wa rangi yake amesimama nayo kama mwenye mali. Hadi uzeeni amekuwa akisimulia kwamba siku ile ndipo alipojua: kumbe na sisi wanatuachia tuzirushe.

Ndege hazikuwa ngeni kwake. Uwanja ulikuwa karibu na kwao, na tangu utotoni alikuwa akishinda huko akisafisha ndege za watu kwa ujira mdogo, mpaka akaanza kuomba malipo ya namna nyingine: apakiwe, apelekwe juu, arudishwe. Jina lake ni Edward Joseph Dwight, Ed kwa walio wengi, mzaliwa wa 9 Septemba 1933. Baba yake alicheza besiboli katika timu ya Kansas City Monarchs, kwenye ligi ya Weusi, kwa sababu ligi kubwa ilikuwa imewafungia mlango. Mama yake, Georgia, alikuwa mama wa kusukuma watoto mbele. Mwaka 1951 Ed alikuwa mvulana wa kwanza Mweusi kuhitimu shule ya sekondari ya Kikatoliki ya Bishop Ward. Mwaka 1953 akajiunga na Jeshi la Anga, miaka mitano tu baada ya Rais Truman kutoa amri ya kuondoa ubaguzi majeshini. Mwaka 1957, huku akiwa tayari anavaa mabawa ya urubani kifuani, akapata shahada ya uhandisi wa ndege kutoka Chuo Kikuu cha Arizona State, tena kwa kufaulu vizuri.

Ukisoma chochote kuhusu mtu huyu, tazama vitenzi. Utakuta angekuwa, angalikwenda, angaliteuliwa. Hata wanaomtaja kwa heshima kubwa humtaja kama mtu ambaye angalikuwa mwanaanga wa kwanza Mweusi wa Marekani. Maneno hayo yana ukweli, na huruma iliyomo ndani yake ni ya haki. Lakini yanamficha. Dwight alirusha. Alipima. Alihitimu. Kwa zaidi ya miaka 60 watu wamemhesabia alichonyimwa, na alichokifanya kikabaki kwenye majalada. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya rubani ni kuhesabiwa kwa kazi aliyoifanya akiwa hewani.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunaijua kwa jina tu. Rubani wa kawaida hukabidhiwa ndege pamoja na kitabu chake. Kitabu kinamwambia: ukiwa na uzito huu usishuke chini ya mwendo huu, bawa litashindwa kukubeba; ukikata kona kwa nguvu kupita hapa, mkia hautakutii; injini ikizimika kwenye kimo hiki, una kilomita kadhaa tu za kuelea kabla ya kugusa ardhi. Rubani wa majaribio ndiye anayezileta namba hizo. Anapanda na ndege ambayo mwisho wake haujulikani, anausogelea mwisho huo hatua kwa hatua, anaiacha kwa makusudi izunguke kama pia, kisha anaitoa kwenye mzunguko, na muda wote huo ana kibao cha kuandikia kilichofungwa pajani. Mwendo, kimo, sekunde, nguvu ya mkono kwenye usukani. Akishuka, kazi inaanza upya mezani, maana ripoti isiyo na hesabu safi ni sawa na safari ambayo haikufanyika. Ndiyo maana shule za marubani hawa zilidai wahandisi. Na ndiyo maana Dwight, mwenye shahada yake na saa zake nyingi za jeti, alikuwa mtu wa kuangaliwa hata kabla siasa haijageuza macho kumtazama.

Siasa iligeuka mwaka 1961. Mwezi Aprili mwaka huo Yuri Gagarin wa Urusi alikuwa ameizunguka dunia, na Marekani ilikuwa inahangaika kuonyesha kwamba nayo ina la kusema kwa mataifa. Mwezi Septemba, Edward R. Murrow, mtangazaji mashuhuri aliyekuwa amekabidhiwa idara ya Marekani ya kujieleza kwa dunia, alimwandikia mkuu wa NASA, James Webb, akiuliza kwa nini asipelekwe angani mtu wa kwanza asiye mzungu. Hoja yake ilikuwa wazi: sehemu kubwa ya dunia si nyeupe, na inatazama. Sehemu hiyo ya dunia tulikuwamo sisi. Mwezi Novemba Dwight alipokea barua ya kumwalika kwenye mafunzo yatakayomfungulia njia ya kuwa mwanaanga. Tarehe 9 Desemba, majuma machache baadaye, bendera ya Tanganyika huru ilipandishwa.

Kuna uhusiano wa karibu zaidi ya huo, na vijana wengi wa leo hawausikii shuleni. Wakati huo Zanzibar, pale Tunguu, kulikuwa na kituo cha NASA cha kufuatilia vyombo vya mpango wa Mercury, ule wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu angani. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipokuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, sauti yake ilisikika kisiwani. Alipopita juu ya Afrika alizungumza na Kano, kisha akazungumza na Zanzibar. Kituo hicho kilibishaniwa sana na wanasiasa wa Unguja, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kikaondolewa. Lakini katika miezi yote ambayo Dwight alikuwa jangwani California akijifunza kwenda huko juu, milingoti ya Tunguu ilikuwa imesimama, ikisikiliza.

Barua ile hakuifurahia mara moja kama tunavyoweza kudhani. Alikuwa na kazi yake, cheo chake kilikuwa kinapanda, na alijua kwamba anayeingia mahali kwa kuitwa na Ikulu ya Rais Kennedy huingia na maadui tayari. Mama yake ndiye aliyemshawishi akubali.

Shule ilikuwa kambi ya Edwards, katika jangwa la Mojave, kando ya ziwa kavu ambalo sakafu yake ngumu ya udongo hutumika kama uwanja wa ndege usio na ukingo. Mkuu wake alikuwa Kanali Chuck Yeager, mtu wa kwanza kuthibitishwa kuvuka mwendo wa sauti, Oktoba 1947. Mafunzo yalikuwa na hatua mbili: kwanza urubani wa majaribio wenyewe, kisha hatua ya pili ya wale wanaoandaliwa kwa anga za juu. Dwight alipita ya kwanza, akaingia ya pili mwaka 1963.

Ndege iliyowatoa wanafunzi jasho ni F-104. Mabawa yake, ncha hadi ncha, hayafiki mita saba, na ukingo wa mbele wa bawa ni mwembamba kiasi kwamba mafundi waliuvika kifuniko ndege ilipokuwa chini, usije ukamkata mtu. Ndege ya namna hiyo haielei. Inabebwa na mwendo tu, ukiupunguza, inadondoka. Wanafunzi walifundishwa kuishusha nguvu ya injini ikiwa chini kabisa, pua ikielekea ardhini, kisha kuinyanyua katika sekunde chache za mwisho, kwa sababu vyombo vya kurudi kutoka angani vitatua hivyo hivyo, bila injini na bila nafasi ya kujaribu mara ya pili. Aliyewahi kunyanyua mapema alikosa mwendo, na aliyechelewa alikutana na jangwa.

Kisha kulikuwa na zoezi la kupanda wima. Mwanafunzi alivaa suti ya shinikizo na kofia iliyofungwa, akaikimbiza F-104 mpaka karibu mara mbili ya mwendo wa sauti, halafu akavuta usukani na kuielekeza juu. Hewa inapungua. Usukani unalegea mkononi, kwa kuwa nje hakuna tena cha kuushika. Injini inakosa pumzi na inazimwa isije ikaungua. Kuanzia hapo ndege inakwenda kwa msukumo ilioupata huko chini, kama jiwe lililorushwa, na kwa dakika moja au zaidi rubani anaelea ndani ya mikanda yake, uzito hana. Nje ni adhuhuri, lakini mbingu imeingia giza. Dwight ameeleza kwamba katika safari za aina hiyo, akiwa kwenye kimo cha futi 80,000 hivi, aliuona kwa macho yake mkunjo wa dunia. Kisha alilazimika kuirudisha ndege kwenye hewa nzito, aiwashe, aitue.

Huyu ndiye mtu ambaye wengine wanamwandika kana kwamba alikuwa abiria wa siasa.

Nalisema hilo nikijua kwamba upo upande wa pili. Yeager aliandika katika kitabu cha maisha yake kwamba Dwight hakuwa na uwezo wa kutosha, kwamba alipenyezwa kwa shinikizo la Washington na kubebwa kwa msaada wa ziada. Dwight kwa upande wake amesema kwamba Yeager aliwakusanya wakufunzi na wanafunzi akawaagiza wamtenge: wasizungumze naye, wasinywe naye, baada ya miezi sita atakuwa ameondoka mwenyewe. Yeager alikana. Wote wawili walikuwa wanajeshi, wote wawili walishikilia kauli zao, na hakuna kinasa sauti kilichokuwapo chumbani. Mimi napima kwa mambo mawili. La kwanza, naibu wa Yeager shuleni pale, Thomas McElmurry, aliyeziona alama zote, alisema baadaye kwamba Dwight asingekuwa wa kwanza darasani, lakini alikuwa na uwezo kamili wa kuwa mwanaanga mzuri, na kama nchi ilimhitaji mtu Mweusi angani mapema, basi mtu mwenyewe alikuwa yeye. La pili ni darasa lenyewe. Dwight alikaa meza moja na David Scott, ambaye mwaka 1971 aliendesha gari juu ya mwezi. Na Theodore Freeman, aliyeteuliwa mwanaanga akafa mwaka 1964 ndege yake ilipogongana na bata bukini. Na Michael Adams, aliyekufa mwaka 1967 ndani ya X-15, ndege ya roketi. Hilo halikuwa darasa la kubebwa. Ndege ile yenye mabawa mafupi haikujua nani ametumwa na nani, na Dwight aliitua kila mara.

Nje ya chumba cha rubani alibebeshwa mzigo mwingine, na huu wenzake hawakuubeba. Magazeti ya Weusi, kama Ebony na Jet, yalimweka mbele. Barua zilimiminika. Mwishoni mwa wiki, wakati wenzake wakipumzika au wakipitia hesabu zao, yeye alisafirishwa miji mbalimbali kuhutubia, kutabasamu, kupiga picha na watoto wa shule. Jumatatu asubuhi alirudi darasani, mahali ambapo baadhi ya watu walingoja akosee. Mtu yeyote aliyewahi kuwa wa kwanza wa aina yake kazini atalielewa hili bila kuelezwa zaidi.

Jeshi la Anga lilipeleka kwa NASA majina 26, na la Dwight likiwemo. Tarehe 18 Oktoba 1963 NASA ikatangaza wanaanga wapya 14. Freeman alikuwemo. Scott alikuwemo. Dwight hakuwemo. Tarehe 22 Novemba Rais Kennedy akapigwa risasi Dallas, na pamoja naye ikazikwa nguvu iliyokuwa imelisukuma jina hilo mpaka pale. Kwa haki ya NASA, niseme kwamba walioachwa walikuwa wengi na baadhi yao walikuwa marubani hodari. Lakini kilichofuata ndicho kinachonifanya nisiyakubali maelezo ya kwamba alikosa tu kama wengine walivyokosa. Dwight alihamishiwa kambi ya Wright-Patterson, Ohio, akapata taabu ya kupanga nyumba kwa sababu ya rangi yake, akaandika malalamiko kwa wakubwa kuhusu aliyotendewa, na mwaka 1965 Ebony ikauliza hadharani kilichompata mwanaanga wake. Majibu ya kuridhisha hayakutoka. Mwaka 1966 akavua sare, akiwa bado kapteni.

Hapa lazima nimtaje mwingine, kwa sababu wawili hawa huchanganywa, na kuchanganywa nako ni namna ya kusahauliwa. Meja Robert H. Lawrence, mzaliwa wa Chicago, mwenye shahada ya uzamivu ya kemia, alihitimu shule ile ile ya Edwards, na tarehe 30 Juni 1967 aliteuliwa katika mpango wa Jeshi la Anga wa kituo cha kijeshi angani. Huyo ndiye Mmarekani Mweusi wa kwanza kuteuliwa rasmi mwanaanga na chombo chochote cha serikali. Tarehe 8 Desemba mwaka huo huo alikuwa kiti cha nyuma cha F-104 akimfundisha mwenzake ule mtuo wa mwinamo mkali nilioueleza. Ndege ikaigonga njia ya kutulia. Wa mbele alijirusha akapona, Lawrence akafa. Alikuwa na miaka 32. Mpango wenyewe ulifutwa mwaka 1969, na wenzake saba waliokuwa vijana wakahamia NASA. Mmoja wao, Robert Crippen, alikuwa kwenye safari ya kwanza kabisa ya chombo cha Shuttle mwaka 1981.

Mwaka 1991 pale Kennedy Space Center, Florida, ulizinduliwa ukuta wa mawe meusi yanayong'aa, wenye majina ya wanaanga waliokufa kazini. Jina la Lawrence halikuwamo. Jeshi lilikuwa na tafsiri yake: mwanaanga ni aliyefika maili 50 juu, na Lawrence hakufika. Mjane wake, Barbara, pamoja na watu waliojitolea kufukua nyaraka na mbunge wa Chicago Bobby Rush, walibisha hodi mlango kwa mlango mpaka tafsiri ikalegea. Tarehe 8 Desemba 1997, miaka 30 kamili tangu ajali, jina likachongwa. Naitaja habari hii kwa urefu kwa sababu inaonyesha kwamba mambo haya hubadilika wakati kuna watu wanaong'ang'ania. Ukuta haukuongezewa jina kwa kupita kwa miaka.

Dwight hakuwa na ukuta wa kuongezwa jina, kwa kuwa alikuwa hai. Mwaka 1979 Tom Wolfe alitoa The Right Stuff, kitabu kilichowafanya marubani wa Edwards kuwa mashujaa wa taifa zima. Dwight yumo, ila anaonekana kwa macho ya mkuu wake wa shule, kama usumbufu uliotoka Washington. Filamu ya kitabu hicho ilitoka mwaka 1983, na ndani yake nafasi yake haipo. Mwaka huo huo, tarehe 30 Agosti, Guion Bluford akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kufika angani. Wakati huo Arnaldo Tamayo Méndez wa Cuba, mtu wa asili ya Kiafrika, alikuwa tayari amekwenda na kurudi mwaka 1980, kwa chombo cha Urusi. Karibu miaka 20 ilikuwa imepita tangu majina yale 14.

Na Dwight alikuwa wapi? Alikuwa Denver, Colorado, akiwa na mikono iliyojaa udongo.

Baada ya jeshi alifanya kazi katika kampuni ya IBM, akafungua mgahawa, akajenga na kuuza nyumba, akafanikiwa. Mwaka 1974 George Brown, mwanasiasa Mweusi aliyekuwa anaingia kwenye unaibu gavana wa Colorado, alimwagiza amtengenezee sanamu. Brown alikuwa mmoja wa Tuskegee Airmen, wale wanahewa Weusi wa Vita Kuu ya Pili. Nadhani si bahati tu kwamba mwanahewa ndiye aliyemwona mwanahewa mwenzake. Dwight akarudi darasani akiwa mtu mzima, na mwaka 1977 akapata shahada ya uzamili ya uchongaji katika Chuo Kikuu cha Denver.

Kazi ya shaba nyeusi ni ya subira na moto. Mtu anafinyangwa kwanza kwa udongo. Udongo unafunikwa kwa mpira kupata kalibu, kalibu inamiminiwa nta, nta inavishwa tabaka juu ya tabaka la uji wa mfinyanzi unaokauka kuwa gamba gumu. Gamba linaingizwa tanuri. Nta inayeyuka, inatoka, na mahali ilipokuwa pamebaki nafasi tupu yenye umbo kamili la mtu. Ndani ya nafasi hiyo ndipo inapomiminwa shaba ya moto mkali. Mhandisi wa ndege hakupata shida na hesabu za joto, uzito na mihimili. Alichokifanya zaidi ya hapo ni chake mwenyewe: katika mfululizo wa sanamu zake za wanamuziki wa jazi aliacha matundu makusudi, sehemu za mwili zisizo na shaba, jicho la mtazamaji lijaze lenyewe bega au kifua kisichokuwapo.

Kwa mikono hiyo ametengeneza kumbukumbu zaidi ya 100 za hadhara. Martin Luther King katika bustani ya City Park, Denver, ni kazi yake. Denmark Vesey, aliyenyongwa mwaka 1822 kwa kupanga maasi ya watumwa huko Charleston, ni kazi yake, ya mwaka 2014. Kando ya mto wa Detroit, mwaka 2001, alisimamisha kundi la watumwa watoro wanaotazama ng'ambo, Kanada. Na ng'ambo, Windsor, akasimamisha wenzao waliofika. Nimezitazama picha za kundi lile la Detroit mara nyingi. Mmoja wao amenyoosha kidole kuonyesha ng'ambo, na wote wamekaa mkao wa watu waliofika ukingoni lakini bado hawajavuka. Sijui mchongaji mwingine aliyekuwa na haki zaidi ya kuufinyanga mkao huo.

Jumapili ya tarehe 19 Mei 2024, magharibi ya Texas, roketi ya kampuni ya Blue Origin ilimrusha Ed Dwight, akiwa na miaka 90, pamoja na abiria wengine watano. Nafasi yake ililipiwa na wafadhili. Walipita kilomita 100 juu, wakaelea dakika chache, wakashuka kwa maparachuti, moja kati ya matatu likikataa kufunguka sawasawa. Safari yote ilichukua kama dakika 10. Akawa mtu mzee kuliko wote waliowahi kufika angani, akimzidi kidogo mwigizaji William Shatner. Alipotoka alisema kwamba siku zote alidhani jambo hili halihitaji tena maishani mwake, na kwamba alikuwa akijidanganya. Dunia ilishangilia, nami nilishangilia.

Lakini asubuhi iliyofuata vichwa vya habari vilikuwa vile vile: mtu aliyenyimwa, hatimaye amepewa. Kana kwamba hesabu imefungwa. Kwangu haijafungwa. Zawadi ya dakika 10, hata iwe nzuri vipi, ilitolewa na wahisani, ndani ya roketi ya kampuni binafsi. Kimwamba kimoja kati ya vile vinavyozunguka jua kimepewa jina lake, na kikosi cha anga za juu cha jeshi la Marekani kilimpa uanachama wa heshima mwaka 2020. Hayo yote yanamheshimu mwanaanga ambaye hakuwa. Rubani aliyekuwa, aliyepanda mpaka mbingu ikaingia giza akiwa na kibao pajani, aliyerudi na namba zake na kuziandikia ripoti huku nusu ya chumba haimsemeshi, bado anangoja kutajwa.

Nina ombi kwa walimu, wahariri, watunza makumbusho, na kwako msomaji utakayemsimulia mwanao habari hii. Msianze na angalikuwa. Anzeni na cheo na kazi, kama inavyofanywa kwa Yeager na kwa Scott: Kapteni Ed Dwight, rubani wa majaribio wa Jeshi la Anga la Marekani, darasa la Edwards la mwaka 1963. Mengine yote yafuate hapo.